Mama wa pano anatembea

Siku ya ine ya juma. Vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Ah, musomaji, umekumbuka kama mi niko? Mwezi muzima haufungui huku kwa ukurasa wetu, hauulize hata magoti yangu. Kaa tu, usiseme pole. Leo niko na hasira.

Mi sikuingia masomo, munajua. Mi nasema, binti yangu Béa anaandika, na nimemukataza kusafisha maneno yangu.

Béa anachora mapano, vile vibao vya alama vya njiani. Moja aliifanya kwa batu kama mi, wasiojua kusoma: mama na beseni kichwani. Taa za kamio, yale malori, zikiipiga, beseni inawaka kwanza, halafu mama, na dereva anapunguza mbio. Akapata breve, karatasi ya serikali inayosema kazi hii ni ya Béa, mwingine asiichukue bila kumuuliza.

Sasa kampuni moja imesimamisha mapano kama yale kwa njia ya Mutshatsha. Beseni inawaka vile vile. Leo tulienda kwa avoka yao, mwanasheria wa kampuni. Akasoma karatasi ya Béa: "alama ya mutu anayetembea na muzigo kichwani." Akaweka kidole kwa picha yao.

"Mama, huyu miguu iko pamoja. Amesimama. Yenu inatembea. Basi hii si yenu."



"Tata, we ulibeba beseni lini?" nikamuuliza. Kamio ikipita, mama anafunga miguu, anafunga macho, anangoja vumbi ishuke. Safari yake imeisha? Akajibu: juge, yule hakimu, anasoma maneno, hasomi mavumbi.

Sasa niseme ile inanichoma.

Neno lile "anatembea" lilitoka kwa kinywa changu. Béa alinionyesha picha, akauliza ninaona nini. Nikasema: mama anatembea. Akaliandika hivyo hivyo. Angeniuliza tena, ningesema: mama iko njiani. Lakini mutoto wangu haniulize mara mbili. Nilimulea hivyo, kwa fimbo.

Juge atatusikiliza mwezi unaokuja. Akikubali maneno ya yule avoka, kazi ya Béa inakuwa ya kila mutu.

Kwa hiyo ukirudi huku, usirudi mikono mitupu. Simama kando ya njia, ngoja kamio ipite, piga picha ya mama mwenye beseni akiwa amefunga miguu. Muombe ruhusa kwanza, usiwe mushenzi. Itoe kwa karatasi utuletee, juge hatafungua simu yako. Na nyuma yake uandike mama yule alikuwa anaenda wapi.