Damu ya Raihana

Ganda, 14 Aprili 2024

Mwanangu Dorcas,

Salamu katika jina la Bwana. U hali gani, na mkwe wangu Mangi anaendeleaje na kazi? Sisi huku tu wazima. Mama yako mgongo unamsumbua, lakini juzi alipalilia mihogo mpaka adhuhuri, hakusikia la mtu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia, simu haiiti. Nimeambiwa umeifunga namba yangu. Barua nampa jirani yetu Mwambire, maana kila wiki anapeleka nazi Kilifi kwa gari lake la Probox.

Nina habari njema. Jumapili ya tarehe 28 tutakuwa na ibada ya shukrani kwa ajili yako. Mchungaji Thoya mwenyewe ameitangaza. Atakuita mbele utoe ushuhuda, ueleze jinsi maombi yalivyokutoa mautini. Watu wanangoja kukuona. Mimi kama mzee wa kanisa nimeshasema utakuja.

Kuhusu kile kiumbe, usihuzunike kupita kiasi. Aliyetoa ndiye aliyetwaa. Mshukuru kwa kilichobaki.

Ni mimi baba yako,
Nicholas Kombe


Kibarani, 18 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Natumai barua hii inawakuta salama. Mpe mama pole ya mgongo. Mimi mwili umepona, nimerudi shuleni kufundisha. Mangi hajambo. Adabu yangu yote nimeimaliza katika mistari hii, nisamehe kwa inayofuata.

Unasema kiumbe. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi na kidole gumba cha mguu kama chako. Nilimshika kwa muda ambao muuguzi alikuwa akitafuta shuka.

Hebu tukumbushane, kwa kuwa naona huko kumbukumbu zimeombewa zikapona. Tarehe sita Februari nilianza kutoka damu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekuja kwenu kujifungua ili niwe karibu na mama. Nikakwambia, "Baba, nipeleke hospitali." Ukasema, "Tulia kwanza, namwita Mchungaji." Thoya akaja na akina mama wanne. Wakanizunguka kitandani. Wakakemea roho ya mauti, wakakemea roho ya marehemu bibi, wakaimba. Mangi alipopiga simu kutoka kazini ukamwambia, "Usiwe na wasiwasi, tunaomba, anaendelea vizuri." Damu ilikuwa imepita godoro, baba. Nilisikia ikidondoka sakafuni kati ya wimbo na wimbo.

Saa sita mama ndiye aliyepiga kelele. Akatoka barabarani bila viatu akasimamisha pikipiki. Nilikaa katikati ya dereva na mama mpaka Malindi, nikihesabu matuta. Daktari alisema kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mbele ya mtoto. Akamwuliza mama, "Mlikuwa wapi tangu asubuhi?" Mama akatoka varandani kulia.

Damu ya kundi langu hospitalini haikuwepo. Aliyenipa ni Raihana, dada mmoja Mwislamu wa Shela, mtaa wa hapo Malindi, aliyekuwa akimuuguza mamake wodi ya pili. Alimkuta mama analia varandani, akauliza kulikoni, akakunja mkono wa buibui. Sasa nieleze, katika ushuhuda huo mnaoutaka, Raihana nimweke wapi? Niseme Mungu aliponya na jina la dada yule nilimeze?

Sijamwacha Mungu. Usimwambie mtu hivyo. Ila huyo wenu, anayeua mtoto ili amfundishe mama unyenyekevu, huyo simjui na simtaki. Naomba kila siku. Mara nyingi naomba kwa hasira, na siku nyingine sina hakika kama kuna anayesikia. Nilimwuliza kasisi wetu hapa Kibarani, yule mama mpole, "Mungu alikuwa wapi asubuhi ile?" Akasema, "Sijui, Dorcas." Kisha akakaa nami. Hilo "sijui" limenishika mkono kuliko mahubiri yote niliyolelewa nayo.

Siji.

Mwanao,
Dorcas


Ganda, 22 Aprili 2024

Dorcas,

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Hatujambo.

Nilikusomesha kwa jasho la shamba hili ili uniandikie matusi? Umefika Kilifi, umekaa na makasisi wasiojua, sasa wewe ndiwe wa kumpima Mungu. Ayubu alipoteza watoto kumi wala hakumkosea Mungu kwa kinywa chake.

Huyo dada wa Shela alifanya vyema na namwombea. Lakini Mchungaji anasema, na mimi nakubaliana naye, kwamba madhabahu si mahali pa kutaja watu wa dini nyingine. Yeye alikuwa chombo tu. Hatushukuru sufuria, tunamshukuru mpishi.

Nimeshatoa neno langu mbele ya kanisa. Usiniaibishe. Utakuja.

Baba yako


Kibarani, 1 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Sitauliza hali, nilikuona Jumapili.

Nilisema siji, kisha nikaja ili Raihana atajwe. Ulipofurahi pale mlangoni ukanipokea mkoba, kidogo moyo ulitaka kugeuka. Uliniambia, "Karibu nyumbani, mama," kama ulivyokuwa ukiniita utotoni. Kisha nikamwona Thoya amekalia kiti chenye mapambo, na bango nyuma yake limeandikwa muujiza, na picha yangu. Picha yangu, baba. Hakuna aliyeniomba.

Nilisema dakika tatu, labda nne. Nilisema nashukuru. Hilo ulilisikia, na lilikuwa kweli: namshukuru Mungu kwa kila pumzi ninayovuta. Nikasema namshukuru kwa ajili ya mama aliyekimbia bila viatu, na kwa ajili ya dereva wa pikipiki ambaye hakujali kiti chake kulowa, na kwa ajili ya Raihana. Kanisa likanung'unika. Nikasema mtoto wangu alikufa kwa sababu watu wazima waliimba wakati wa kuita gari. Hapo kipaza sauti kikazimwa.

Nikaendelea bila kipaza sauti. Thoya akasimama akasema nimeingiwa na kitu. Akasema damu ya wasioamini imenitia roho nyingine, na huyo aliyeitoa naye ana mahali pake motoni. Nikamjibu, nawe ulisikia: "Kama damu iliyomo moyoni mwangu ni ya mtu wa motoni, basi mimi nusu yangu iko huko tayari, na huko nina jamaa mwema kuliko wewe."

Sikumjali yeye. Mkono ulioniumiza ni ule ulionishika hapa juu ya kiwiko, ukanitoa nje mbele ya watu wote. Ulikuwa wako. Alama zake bado ninazo. Ulisema, "Twende, twende, umetumaliza." Mimi ndiye niliyewamaliza?

Mlimzika mwanangu nikiwa bado nimelala hospitalini na mipira ya dawa mikononi. Hamkuningoja hata siku mbili. Thoya alisema mtoto asiyebatizwa haliliwi kanisani, mkamfunika upesi. Jumapili sikuonyeshwa hata alipo, kwa sababu nilikuwa nikitolewa kama mbuzi aliyeingia shambani.

Usiniandikie tena.

Dorcas


Ganda, 11 Septemba 2024

Mwanangu Dorcas,

Uliniambia nisiandike, na miezi minne nimetii. Najua sina haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza. Mama yako hajambo. Tangu Mei haendi kanisani. Jumapili anakwenda shambani, nami simkatazi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Shela kumtafuta Raihana. Nilidhani nitakwenda kumshukuru, nipunguze uzito wa moyo. Nilikaribishwa sebuleni, nikapewa kahawa na kaimati. Mamake alifariki mwezi wa tatu, hilo sikulijua, nikatoa rambirambi. Nikamwambia, "Mwanangu, ulifanya jambo kubwa, nasi kanisani tulikataa jina lako lisitajwe." Hakukasirika. Akasema, "Mzee, mimi sikutoa nitajwe. Mkeo alikuwa analia." Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Lakini siku ile usafiri ulikosekana?"

Dorcas, kikombe nilikirudisha mezani. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia kweli yeye, mtu baki, kabla ya kukwambia wewe. Sasa nakwambia.

Usafiri haukukosekana. Saa tatu kasorobo Mwambire alikuja na gari. Mama yako ndiye aliyemtumia habari kwa siri. Mwambire alilifikisha gari mpaka uani, akaufungua mlango wa nyuma, akatandika gunia. Mimi nilitoka nikamwambia, "Rudi, ndugu yangu, Bwana ameshashughulika." Akaniuliza mara mbili, "Kombe, una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaondoka kwenda Gede kwa shughuli zake, na saa sita mama yako alipomhitaji hakuwepo. Baadaye nilimwapisha Mwambire asiseme, na mama yako pia.

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeiona damu. Ila Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na wale akina mama, na mimi ni mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Niliona aibu kuonekana sina imani. Si kwamba nilimwamini Mungu kupita kiasi. Nilimwogopa Thoya.

Jumapili iliyopita nilisema haya kanisani. Sikumaliza. Uzee wa kanisa nimeshauvua kabla hawajanivua. Sikusimulii ili unisifu. Nimekuwa nikipiga magoti kila asubuhi na sina neno hata moja la kusema, nabaki hapo mpaka magoti yaume.

Siombi kitu.

Baba yako


Kibarani, 15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika. Mwambire aliponipa hakuniangalia usoni, na sasa najua kwa nini. Alilia hapa kizingitini. Nilimpa maji akanywa.

Nimevunja sahani mbili na jagi. Mangi ameisoma, akatoka, akatembea mpaka usiku. Saa tatu kasorobo, baba. Gari uani, mlango wazi.

Sijakusamehe. Nikiandika nimekusamehe itakuwa ushuhuda mwingine wa uongo, na tumeshachoka nao. Sijui lini, wala kama. Usiwatume watu waniambie Mungu anaagiza. Najua anachoagiza, nagombana naye mwenyewe.

Ila umesema kweli, na hukuiegemeza kwa Mungu. Kwa hilo asante. Ndiyo shukrani niliyo nayo kwako, na nimeitafuta sana kabla ya kuipata.

Jumamosi tarehe 21 nitakuja na Mangi. Utatuonyesha alipozikwa. Majani yatakuwa yamepanda. Usiyafyeke, nitafyeka mwenyewe. Mchungaji yeyote asije. Wewe usiombe, usinukuu, usiimbe. Nikitaka maombi nitaomba mimi, kwa maneno yangu, hata kama ni ya kumlaumu Mungu. Ukiweza kusema amina, sema. Ukishindwa, simama tu hapo karibu nasi.

Mwanao,
Dorcas