Kipimo cha Yuster

Mugoma, Ngara

Dada Deodata, shikamoo.

Maharage tumevuna. Na mwenyekiti wa kijiji bado tunagombana.

Jana hospitali iliniandikia: binti yangu Yuster amepata nafasi ya kipimo Mwanza. Wangemwekea dripu ya kuamsha homoni inayobana mkojo, wapime damu, wajue kiu yake isiyokatika ni ugonjwa au mazoea.

Siku ya mazishi yake uliniuliza kwenye simu kilichomuua, nikakata. Dada, sikungoja kipimo. Nilimbishia daktari, nikasema ni mazoea. Nikafungia maji stoo, nikamkataza kuomba kwa majirani, nikaenda gulioni na ufunguo. Alinitii.

Mama yake anadhani ni malaria. Njoo Jumapili, nitamwambia. Ukae karibu naye.

Mdogo wako,
Pancras