Alovera Haijafa, Ila Haijanenepa

Alhamisi, jua linakaribia kuzama. Joto, vumbi, na wingu moja tu lililopita juu ya milima likaenda kunyesha kwingine.

Nimechoka. Naandika nimekaa kizingitini, miguu bado ina udongo.

Leo mnunuzi amekuja. Ni kijana wa Mikumi anayetengeneza sabuni za alovera na kuziuza kwenye hoteli za watalii. Nilikuwa namsubiri tangu mama aliponipa nusu ya shamba letu hapa Kimamba, nikaacha mahindi, nikapanda alovera. Mvua zetu zimekuwa za kubahatisha, na niliambiwa alovera inavumilia ukame.

Kweli inavumilia. Haijakauka hata moja.

Kijana alikata jani, akalibonyeza, akatazama vidole vyake.

“Dada, hili halina ute. Majani yamekuwa membamba, mekundu. Yaache yapate mvua, ndipo tuongee.”

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nikamdanganya mama. Nikamwambia ameyapenda, atayafuata mwezi ujao. Mtu mzima mimi, nina watoto, namdanganya mama yangu kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

“Nilikuwa kule mwisho wa shamba naokota kuni, mwanangu. Nimemsikia.”

Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Tangu nipande, tunakula unga wa dukani, na majirani wanamuuliza kisimani kama siku hizi tunasonga ugali wa shubiri, yaani hiyo alovera yangu. Hajawahi kuniambia. Nilisikia kwa watu. Nikajua leo atasema ng'oa yote.

Akaweka ungo chini.

“Kule bondeni panaposhika maji, ng'oa, turudishe mahindi. Huku juu kwenye changarawe mahindi hayakutupa kitu hata baba yako alipokuwa hai. Huku iache.”

“Sawa, mama.”

“Na usinifiche tena. Shamba nilikupa mimi. Likikushinda, linaniuma na mimi.”

Nililia, naona aibu kuandika. Nilikuwa nimejizoesha kuchoka peke yangu.

Asubuhi naanza na safu za bondeni. Nimemwambia mama apumzike, nitang'oa mwenyewe. Namsikia uani, anagongea mpini wa jembe lake ukae sawa.