Mstari wa Langoni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo umepunguza fitina zake. Sisi tunapumua. Baba anakohoa asubuhi na kulalamika mchana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nimechelewa kukuandikia. Uliniagiza kwamba, kabla hujaaga kazini ili urudi kulima na sisi, nizunguke kwenye viwanda vidogo vya mvinyo vya kifamilia, niwaulize wenye mizabibu mizee wanafanyaje isiwakaukie kama yetu. Nilizunguka nyumba tano wakati wa kupogoa. Kote walinimiminia glasi kabla sijasema shida yangu, jambo lisilomsaidia mtu anayetaka kukumbuka majibu.

Kuna ndugu wawili wasiosemezana. Pipa lao liko katikati ya ghala, na kila mmoja ana bomba lake. Mkubwa alininong'oneza kwamba mvinyo wa upande wa mdogo wake ni siki. Nilionja pande zote. Pipa ni moja, Dada. Mjane mwenye miwani naye aliniuliza nasikia ladha gani. Nikamwambia zabibu. Akasema hajawahi kupata mgeni mkweli kiasi hicho.

Sikutaka kula na kunywa bure, na mkasi wa Baba ulikuwa mfukoni. Kwa hiyo kila nyumba niliwapogolea mistari miwili mitatu. Walinisifu mno. Mmoja aliuliza nilisomea wapi, nikamwambia kwa macho.

Nyumba ya tano ni ya bibi mmoja mfupi, mwenye mizabibu iliyomzidi umri. Alinizuia mlangoni, akanitaka kwanza nitumbukize mkasi kwenye kopo la spiriti. Nikamtania kwamba mkasi wangu haunywi pombe. Hakucheka. Aliuliza yetu ilianzia wapi kukauka. Nikamwambia mstari wa langoni, halafu wa pili, halafu wa tatu, kwa adabu, kama watu kwenye foleni. Akauliza mpogoaji wetu huanzia wapi. Nikasema langoni. Akauliza ni nani, kisha akautazama mkasi mkononi mwangu.

Alipasua tawi nililokuwa nimebeba kutoka kwetu. Ndani lilikuwa na duara jeusi. Akasema ugonjwa huo hubebwa na chuma kutoka shina hadi shina, huchukua misimu miwili kujionyesha, na dawa yake ni kung'oa na kuchoma.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akifuta mkasi kwa kitambaa kilicholowa spiriti, kila baada ya shina? Nilidhani ni ubahili, anaogopa kutu.

Basi, mizabibu yetu niliiua mimi, tangu aliponikabidhi mkasi. Mzabibu mmoja tu wa langoni ndio uliokuwa mgonjwa. Ningefuta mkasi, ungekufa peke yake. Na zile nyumba nne za kwanza sijawaambia. Mizabibu yao imechipua vizuri. Jumapili mjane alituma ujumbe nirudi msimu ujao nimalizie mistari iliyobaki, kwa kuwa nina mkono mwepesi. Nilimjibu kwamba nitaangalia nafasi. Baba anasema udongo umechoka, nami humuitikia.

Usiache kazi, Dada. Huku hakuna cha kurudia ila sisi wawili, nasi hatuzai zabibu.

Msalimie Shemeji, na watoto waambie mjomba wao hajambo. Baba anakusalimu sana. Kila siku anauliza utafika lini. Niandikie nimwambie nini.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba