Sifuri Kumi na Nane

Itillersuaq, Grinlandi
Tarehe 2 Machi

Kaka yangu Inuuteq,

Salamu nyingi. Natumaini zinakukuta mzima huko Aalborg, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa vuli kimetulia. Sisi tupo. Baba bado anatembea mwenyewe, ingawa mbwa wamebaki wanne tu, maana mwaka huu barafu ya ghubani haikushika hata siku kumi mfululizo. Shangazi Bibiane anakusalimu. Anasema kwenye picha umenenepa, bila shaka huko wanakulisha nguruwe tu.

Kituo cha utafiti kimepata mkuu mpya, Daktari Signe, mwanamke mfupi, mpole, anayekunywa kahawa ikiwa imeshapoa. Amerudia lile jaribio lililokufukuzisha kazi. Tangu Novemba aliuweka gizani mwani wa kahawia wa hapa ghubani, tangi moja nyuzi sifuri, jingine nyuzi saba. Alinieleza taratibu kama anamweleza mtoto, nami nikamwacha aeleze. Alisema mwani huyapitisha majira ya giza kwa kula akiba yake ya kiangazi. Maji yakiwa baridi, unakula kidogo kidogo. Yakipata joto, unakula haraka, na akiba inaisha kabla jua halijarudi. Giza umelizoea, joto ndani ya giza ndilo linaloua.

Basi, mwani wa tangi la joto wiki ya kwanza haukubadilika kitu. Ya pili ukaanza kulegea. Ya tatu ukatoboka kama soksi kuukuu. Signe akaleta picha za ule ulioharibika miaka mitatu iliyopita, akaziweka kando yake, akasema, "Huu haukufa kwa siku moja, Arnannguaq. Huu ulishinda na njaa siku nyingi."

Unakumbuka yaliyosemwa wakati ule. Daftari la joto la maji lilionyesha sifuri kila siku mpaka tarehe thelathini na moja Desemba, na jioni hiyo wewe ulikwenda kubadilisha fyuzi, ukazima umeme ukiwa umekunywa, na mwani ukafa kwa hilo. Ulisema mashine ya kupoza uliikuta imekufa zamani, na maji yameshapata uvuguvugu. Mkuu wa wakati ule hakukusikiliza. Baba alikwambia mbele ya watu, tulipoalikwa kahawa kwa Shangazi, "Mlevi kila kitu kwake vuguvugu." Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa. Niliendelea kumimina.

Kaka, kupima maji kila siku na kuandika daftarini ilikuwa kazi yangu, na siku kumi na nane sikukanyaga chumba cha matangi. Nilikuwa kwa Pavia, yule fundi wa meli, kitandani kwake. Nje kulikuwa na upepo mkali, nami nikajiambia maji ya tangi hayana pa kwenda. Mchana wa tarehe thelathini na moja nilipita kituoni. Mlango wa matangi sikuufungua hata. Nilichukua daftari, nikaandika sifuri kumi na nane kwa kalamu moja, nimesimama, glavu sikuvua. Pavia aliondoka Februari bila kuaga. Wewe uliondoka Machi. Kazi yako nikapewa mimi, nikaipokea.

Juzi nilimwambia Signe. Hakunikaripia, aliuliza tu kama nina anwani yako, nikajibu ninayo, ninayo muda wote. Kisha nikamwambia baba. Alikuwa akipasua samaki wa mbwa. Alipasua mpaka wakaisha, akafuta kisu, akasema, "Miaka mitatu nimekula supu ya mkono wako." Akahamia kwa Shangazi, na hajarudi.

Sikuombi radhi, maana radhi itanipumzisha mimi kuliko wewe. Signe anawaandikia wakubwa ili jina lako lisafishwe. Nafasi yako iko wazi, ukiitaka, funguo nimeshazirudisha.

Nisalimie mkeo, na yule mtoto ambaye jina lake hukuniambia. Usiponijibu, nitajua barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Arnannguaq