Kwa Baba Jamleck, Aliyevuka Wieringen kwa Miguu

Mwaka mmoja umeshapita, Baba, tangu Jumamosi ile asubuhi ulipomaliza chai yako pale nyumbani Kinoo, ukaegemea kiti, ukatuacha.

Miaka thelathini na moja ulisoma mita za maji Kilimani na Westlands, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Mbwa wa watu walikujua. Walinzi walikufungulia geti kabla hujabisha, na hukupita bila kuwauliza watoto wameamkaje. Ulipostaafu tulishindwa kukukalisha. Kila asubuhi ulikuwa barabarani, viatu vinang'aa, unaenda tu.

Lakini kwa Debra, kitinda mimba wako, ulikataa kwenda. Mama alipofariki, Debra hakutoka Uholanzi kuja kumzika, nawe ukaacha kushika simu zake. Miaka sita. Sisi tulinyamaza kwa sababu tulikuogopa.

Hatujui ni nini kilikulainisha. Siku moja ulimwambia mwanao Njuguna, "Niulizie hiyo tiketi ya ndege," ukarudi kumwagilia mboga zako za sukuma wiki.

Debra alikupeleka Wieringen, huko Uholanzi. Zamani kilikuwa kisiwa, mpaka watu wa huko wakajenga matuta ya kuzuia bahari na kukausha maji. Siku hizi upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni mashamba, na wapenda kutembea wana njia yao ya kukivuka. Kulikuwa na ukungu. Debra anasema mlikwenda kama watu wanaoota, kondoo wakitokea karibu yenu kisha wakipotea.

Ulisimama mbele ya shamba la viazi. "Hapa palikuwa bahari?"

"Ndiyo, Baba. Samaki walikuwa hapo."

Ukacheka polepole, ukainama, ukashika udongo.

Mlipoketi juu ya tuta kupumzika, ndipo ulipouliza ulichokuja kuuliza.

"Mbona hukuja?"

"Sikuwa na karatasi. Ningetoka, singeruhusiwa kurudi."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umewaambia watu wa kanisa niko sawa huku. Niliona aibu."

Ukungu ulikuwa unainuka, maji yanaanza kuonekana. Kisha ukasema, "Mama yako alikuita siku ile ya mwisho. Nikamwambia uko njiani. Mimi ndiye niliyemdanganya, halafu nikakukasirikia wewe."

Ulivua koti ukamfunika. Njia yote iliyobaki ukamsimulia mazishi: nani aliomba, nyimbo gani ziliimbwa, mvua ilivyoshika watu kaburini. Kilomita kumi na mbili, na goti lako lile bovu. Debra anasema hakuona zilivyoisha.

Ulirudi ukiwa mwepesi. Ulipiga kelele kwenye simu kila jioni kana kwamba Uholanzi ni ng'ambo ya bonde. Krismasi Debra akaja, karatasi zake zikiwa sawa, mkaenda wawili tu kwenye kaburi la Mama. Tuliwaona kwa mbali mkitembea taratibu, amekushika mkono, na hakuna aliyewafuata.

Mwezi uliofuata ukapumzika.

Tunakukumbuka sisi wanao Njuguna, Kui na Debra. Mkaza mwana wako Everlyn. Wajukuu Norman na Wangu. Na jirani Ogutu, ambaye siku hizi hutembea peke yake hadi Uthiru na kurudi.

Tutakukumbuka daima, Baba, maadamu tungali tunapumua.