Doa Lisilosogea

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo jipya mlangoni mwa idara, juu ya lile la mihadhara ya mwezi ujao. Ijumaa anakuja mtafiti wa Jua kutoka kituo cha mlimani. Akimaliza mhadhara wake, sisi wa shahada ya kwanza tutazungumza, dakika kumi kila mmoja. Mmoja wetu atachaguliwa akafanye naye kazi likizo nzima. Mlimani! Juu ya mawingu, nasikia. Nilisimama pale nasoma na kurudia mpaka mtu akanipiga kikumbo.

Nina cha kusema. Nina doa langu. Kila mchana mimi na Mrefu, ninayesoma naye, tunapanda paa la maabara na darubini ndogo. Hatuchungulii — utapofuka. Tunaliacha Jua liangukie karatasi nyeupe, duara la mwanga linalotetemeka, halafu tunachora madoa yake meusi. Kila mtu na karatasi yake. Madoa yote husogea kidogo kidogo, Jua linavyojizungusha. Langu halisogei. Wiki nzima lipo palepale karibu na ukingo. Dogo, kaidi.

Nilimwonyesha Mrefu. Kwake halipo, eti macho yake si makali kama yangu. Aliushika mchoro wangu kwa muda, simu yake mkononi. Akasema nishikilie hapohapo, doa hili litanifikisha mlimani. Kisha akacheka, na mimi nikasahau tulikuwa tunaongea nini. Kijana huyu ataniua.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu kasema nihakikishe si uchafu. Nikapanda, nikaifuta ile lenzi kubwa ya mbele mpaka ikang'aa. Doa lipo. Basi ni la Jua lenyewe.

Mama ananyoosha nguo za watu nyumbani. Nilipomweleza habari ya mlima akauliza kama kuna maji ya moto, na kama wavulana wanalala jengo lingine. Dada akasema nikipanda huko nitasahau kushuka. Nilifanya mazoezi mbele ya magauni ya wateja yaliyotundikwa. Wasikilizaji wazuri, hawapigi miayo. Katikati ya maneno nikapotea — nikajiona kituoni, asubuhi, mawingu chini ya miguu, na Mrefu sijui kafikaje huko. Mama akaniita mara tatu nishike pasi.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu kutwa. Sikuchora. Niliota tu.

Nimemuuliza Mrefu atazungumzia nini. Hajapata, anasema, kichwa kimekauka. Nikamwonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Doa halipo.

Jua limetoka safi, madoa mengine yote yapo. Langu hakuna. Nilidhani limekufa, nikasikitika kama mjinga. Halafu fundi wa maabara akapanda, anauliza kama Mrefu amerudisha kitambaa cha lenzi. Alikiomba jana jioni. Kuna vumbi, Mrefu alimwambia, kwenye lenzi ndogo ya nyuma.

Ya nyuma. Mimi nilifuta ya mbele.

Nilikaa palepale kwenye paa, linachoma. Nikacheka, kisha nikalia kidogo. Mrefu amesahau kuniambia, bila shaka. Ana mambo mengi.

Sawa. Kesho nitasema ukweli, jinsi vumbi lilivyonichezea wiki nzima. Nimemjaribia mama, amecheka mpaka akaweka pasi pembeni. Hii hata ni nzuri zaidi. Nikifunga macho mlima bado upo.

Ijumaa, 7 Machi. Ukumbini

Mrefu aliniwekea kiti kando yake. Ananukia sabuni. Mgeni ni mama mfupi, sauti ndogo. Ameongea nusu saa na mimi sikuwa ukumbini, nilikuwa kwake juu.

Sasa ni zamu ya Mrefu. Picha yake ya kwanza ukutani ni mchoro wangu. Mwandiko wangu. Doa limezungushiwa nyekundu. Anaeleza namna vumbi linavyomdanganya mchoraji. Anaeleza vizuri, simnyimi haki yake. Watu wanacheka. Mgeni anacheka. Mrefu amemshukuru "mwenzangu aliyeniazima mchoro" huku akinitazama kwa tabasamu.

Sikumwazima; aliupiga picha kwa simu ile Jumatatu. Nimeumia, naandika ili nisimtazame. Na moyo wangu, bila haya, umeruka alipotabasamu.

Ninayefuata ni mimi. Niliyoyaandaa kayasema yeye. Michoro yangu yote ipo mapajani, naifunua mmoja mmoja. Pale katikati ya Jua kuna doa kubwa. Kwenye mchoro wa kwanza ni moja. Unaofuata limepasuka. Jana ni matano, yanaachana, yanakimbilia ukingoni. Nimeyachora kwa mkono wangu na sikuwahi kuyaangalia. Nilikuwa naangalia vumbi.

Makofi. Anarudi, anakaa kando yangu. Ananong'ona nisiogope. Naipanga michoro kwa tarehe, ule wa kwanza juu, nafunga daftari.